Jina la Anaeli Kwenye Ritani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja na macho mekundu, mnaoitikia amina kwa kutikisa kichwa tu, asifiwe kwa niaba yenu pia.

Ushuhuda huu nimeuandika kwenye karatasi kwa sababu najijua. Nikisimama mikono mitupu nitaanzia kwa Adamu, na kabla sijafika kwa Nuhu Ijumaa hii ya ibada itakuwa imekwisha na basi la kampuni yenu limewaacha. Kwa hiyo nivumilieni nisome.

Wengi mnaniona lakini hamnijui, maana mimi si mtu wa kuzurura. Jina langu ni Mwadime, mtoto wa Voi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo yangu mama aliyaweka mahali ambapo hadi leo hajamwonyesha mgeni. Hapa Doha ninatunza stoo ya hoteli moja pale Al Sadd: mashuka, taulo, na vile visabuni ambavyo wageni huiba wakidhani hatujui. Nikitoka kazini naenda nyumbani. Nikifika nyumbani, nimefika. Wenzangu wamekwenda jangwani wakapanda ngamia wakapiga picha. Mimi nina kochi.

Mke wangu anaitwa Anaeli. Ni mtu wa Himo, upande wa Tanzania, chini ya mlima. Tulijuana hapa hapa Mesaimeer, kwenye foleni ya kukaguliwa mifuko langoni pa kanisa. Alikuwa mbele yangu na mfuko wa maandazi. Mlinzi akauliza hiki ni nini, naye badala ya kueleza akamwonjesha. Mlinzi akapitisha mfuko, akapitisha mwenye mfuko, na mimi niliyekuwa nyuma nikapita bila hata kuulizwa. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Tulichukua likizo pamoja tukaenda kuoana. Himo na Voi ni barabara moja tu, mpaka uko katikati. Harusi ilianza kwao asubuhi ikaishia kwetu jioni, na wajomba wa pande zote mbili wakabishana kuhusu pilau mpaka pilau yenyewe ikapoa. Mzee wangu akatupa zawadi: kiwanja pale Voi chenye vyumba vya kupangisha. Nikakiandikisha kwa majina mawili, la kwangu na la Anaeli. Watu wa kwetu wakaguna. Mimi nikaona ni sawa, mke ni mke.

Sasa, ndugu zangu, wale wa Kenya mnajua. Mwenye vyumba vya kupangisha, hata akihamia mwezini, kila mwaka kabla Juni haijaisha ni lazima apeleke ritani. Aieleze serikali amepata nini na kodi yake iko wapi. Na vyumba vikiwa vya wawili, wawili lazima waonekane. Mwaka wa kwanza tulipeleka bila shida. Anaeli alikuwa na kadi yake ya ukaazi wa hapa, anafanya kazi na kulala huko huko kwa mwajiri, tunaonana Ijumaa. Maisha yalikuwa mazuri kiasi cha kuchosha, na mimi napenda maisha yanayochosha.

Kisha Mama Kubwa akafariki.

Mama Kubwa ndivyo walivyomwita yule bibi mzee ambaye Anaeli alimtunza. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Bibi alipofariki Anaeli alilia kuliko baadhi ya wajukuu. Baada ya matanga, kafili wake, yaani yule mtoto wa kiume wa bibi ambaye kibali cha Anaeli kilikuwa chini ya jina lake, akamwambia, "Kaa kwanza, nitakutafutia pa kwenda." Basi. Wapi? Hakusema. Ndipo dereva wa nyumba ile, kijana wa Unguja aitwaye Haji, akamnong'oneza jikoni, "Dada yangu, mimi nimesikia tu, lakini nimesikia unapelekwa shamba kwa binamu yao, kule kusiko hata na duka. Simu huko huwekwa kabatini na mwenye nyumba."

Ijumaa iliyofuata Anaeli alitoka na mkoba wake mdogo kama mtu anayekuja kanisani. Alikuja kanisani kweli. Ila hakurudi kule. Alikuja kwangu Al Wukair, na hofu ikaja naye. Yeye alikuwa na mkoba mdogo; hofu ilikuja na mizigo yake yote.

Ndugu zangu, naomba mnielewe. Kila tuliyemuuliza kwa mafumbo alitwambia jambo moja: kafili ameshapeleka jina lake polisi, Anaeli ameandikwa mtoro. Mtoro akikamatwa huwekwa ndani, kisha hupandishwa ndege, na mlango hufungwa nyuma yake. Nani alitwambia? Kila mtu. Nani aliona? Hakuna. Na mnajua iko njia ya kuangalia kwenye simu: unaingiza namba ya kadi, serikali inakwambia hali yako. Lakini tulikuwa tumeshauriwa, tena na watu wenye simu kubwa kuliko zetu, kwamba ukijitafuta humo ndipo unapoonyesha uliko. Tukaamini! Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nikaamini kwamba iko ofisi ambamo mtu amekaa akingojea Anaeli ajiulize yuko wapi, ili aruke juu aseme, "Huyo! Al Wukair, chumba cha mwisho!"

Basi hatukuangalia. Tukaishi.

Chumba changu kilikuwa kwenye vila iliyogawanywa kwa mbao nyepesi, zile ambazo jirani akikohoa unasema pole. Anaeli alijifunza kutembea bila kandambili. Alijua viatu vya kila mpangaji kwa mlio wake, na viatu asivyovijua vikipita alisimama katikati ya chumba, hapumui, kijiko mkononi. Nguo zake tulizianika ndani, juu ya kochi. Mwezi mzima jino lilimuuma, shavu likavimba. Hospitali wanataka kadi, kwa hiyo dawa ikawa karafuu na chumvi. Nilimwona akilia kwa kuuma kanga ili jirani asisikie. Kanisani hakuja tena. Mkiniuliza, nilisema anawasalimu. Na alikuwa anawasalimu kweli.

Hakuna aliyenishuku. Mtu mwingine akianza kukimbilia nyumbani kila siku, watu huuliza kuna nini. Mimi wakasema, "Mwadime huyo, kochi linamwita."

Juni ikafika.

Mnamfahamu Sista Wanza. Kwa mgeni ambaye hamfahamu: ni dada yetu wa Machakos, anafanya uhasibu kwenye ofisi moja hapo Al Sadd, na kila Juni baada ya ibada Wakenya humiminika kwenye fleti yake na simu zao awapelekee ritani. Malipo ni sukari, au maziwa, au kuosha vyombo. Unakaa kwenye mkeka unangoja zamu yako, unasikia siri za kodi za kanisa zima. Mimi nilikwenda kama kila mwaka, nimebeba mkate.

Zamu yangu ikafika. Wanza akavaa miwani.

"Haya, bwana wa stoo. Tumeweka kodi ya vyumba. Sasa hapa ni pa mke wako. Si yeye ni Mtanzania? Sasa mfumo unataka aonyeshe upya anapoishi, na nakala ya kadi ya ukaazi. Ulikuja nayo?"

Ndugu zangu! Nilisikia masikio yangu yakipata baridi, na eesi ya Wanza, ile ya kupoza chumba, ilikuwa imeharibika siku hiyo.

"Ya nini hiyo kadi?"

"Sasa mimi najua ya nini? Mimi ndio nilitengeneza mfumo? Lete tu. Hata apige picha akutumie saa hii."

Watu wote kwenye mkeka walikuwa wananitazama. Au hawakuwa wananitazama, lakini mimi nilitazamwa. Kichwani nikaona yote kwa mstari mmoja: kodi ya Voi inapeleka jina Nairobi, Nairobi inauliza ubalozi, ubalozi unauliza polisi wa Doha, polisi wa Doha wanabisha hodi Al Wukair. Nikainuka.

"Sista, nimekumbuka nimeacha jiko limewaka."

"Jiko la umeme ama la gesi?"

"Lote."

Nikaondoka. Mkate nikauacha. Nasikia waliula.

Nyumbani nilimweleza Anaeli, kisha nikampa ushauri wangu. Mnisikie jinsi mtu mwoga anavyokuwa na akili. Nikamwambia, "Nimefikiri. Tuondoe jina lako kwenye kile kiwanja. Nimpigie mzee aende ofisi ya ardhi, kibaki changu peke yangu. Basi ritani itakuwa ya mtu mmoja, wewe hutatajwa popote. Utakuwa salama."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Nitakuwa salama wapi?"

"Popote. Hutakuwa kwenye karatasi yoyote."

"Kwa hiyo Doha nimetoroka," akasema taratibu, "na sasa unataka hata Voi nitoroke."

 Akaendelea, na Anaeli akiwa na hasira huwa na adabu sana, ndipo inapouma zaidi. "Mume wangu, kanisani siandikwi. Hospitali siandikwi. Mlangoni hapo lipo jina lako. Pale Voi ndipo mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba mimi ni mke wa mtu. Na ndipo unapotaka kufuta."

Nikasema ni kwa ajili yake. Akasema, "Najua. Kila kitu ni kwa ajili yangu. Hata ile nguo uliyonikataza kuanika nje." Akainuka akaenda kuosha mchele, na mchele ule ulioshwa siku hiyo mpaka nikaona huruma.

Tulikaa hivyo siku kadhaa, tunaongea habari za chumvi na maji tu. Juni inakwenda. Wanza anatuma ujumbe: "Jiko limezimika?" Mimi sijibu.

Ndipo wakaja wakaguzi.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, mchana, jua la kupasua mawe. Tulikuwa tumeketi kula, ugali na sukuma, sahani mbili. Tukasikia lango la vila likifunguliwa na sauti za watu wasiojulikana, halafu mlinzi wetu akipaza sauti zaidi ya kawaida ili tusikie: "Manispaa! Manispaa!" Walikuwa wamekuja kukagua zile mbao, kwa sababu vila hairuhusiwi kugawanywa vile. Lakini mtu mwenye sare akiuliza vyumba, swali linalofuata ni waliomo vyumbani.

 Anaeli alitoka kwa mlango wa nyuma bila viatu, akapanda ngazi za nje kwenda juu ya paa, kwenye kile kibanda cha matangi ya maji. Akajifungia humo. Ndugu zangu, mnajua mwezi wa sita kwenye bati la Doha. Hata njiwa hawakai.

Hodi. Nikafungua. Wakaingia wawili, mmoja akaanza kupima kuta kwa kile kifaa cha taa nyekundu. Mwenzake, mtu mzima mnene, mpole kabisa, alikuwa amezidiwa na joto. Akaomba maji. Nikampa. Akauliza kama anaweza kukaa kidogo. Akakaa kwenye kochi langu! Akanywa, akapumua, akatazama meza.

"Sahani mbili," akasema. "Nani mwingine?"

"Hakuna. Zote zangu."

"Mbili?"

"Nina njaa sana leo."

Akacheka. "Kula basi, kula, usiache chakula kipoe kwa sababu yetu."

Nikala. Nikamaliza sahani yangu, nikavuta ya Anaeli, nikala.  Yule mzee wa watu akanisifu, akaniuliza chakula hiki kinaitwaje, kinapikwaje, unga ni wa nini. Nikamfundisha kusonga ugali kwa Kiingereza changu cha stoo na Kiarabu cha dukani, jasho linanitoka, na dari juu yangu ndiyo sakafu ya mke wangu. Mwenzake alipomaliza kupima wakaandika jambo, wakaniambia mwenye vila ataitwa kwa sababu ya hizi mbao, wakanishukuru kwa maji, wakaenda vyumba vingine. Hawakuniuliza kadi hata yangu.

Walichukua muda mrefu kumaliza vila. Mimi nilisimama mlangoni. Nilitamani kupanda, nikaogopa kupanda. Hilo ndilo linanitesa hadi leo nikilikumbuka: mke wangu anaiva juu, na mimi nasikiliza viatu.

Lango lilipofungwa nilikimbia ngazi. Mimi nikikimbia, mjue ni mwisho wa dunia. Nikafungua kibanda. Alikuwa amelala ubavu, kichwa kimeegemea tangi, midomo imepasuka, kanga imekauka mwilini kama kadibodi. Nikaita. Hakuitika. Nikaita tena, na hapo sikuita kwa kunong'ona. Niliita jina lake kwa sauti kamili, juu ya paa, Al Wukair nzima isikie. "Anaeli! Anaeli!" Sijui kama ndilo lililokuwa ombi langu. Nilipiga magoti kwenye zege lile, magoti yakaungua, nikamwambia Mungu, "Chukua hofu yangu, uniachie huyu. Wakimpeleka Himo, mpeleke akiwa hai. Nitamfuata." Hiyo tu. Sikuwa na maneno ya mchungaji.

Akafungua jicho moja. Akasema, kwa sauti ya karatasi, "Umekula chakula changu?"

Haleluya, ndugu zangu! Nilicheka nikalia, sikujua kipi ni kipi. Nilimbeba nikamteremsha. Majirani wakatoka. Dada mmoja Mfilipino akaleta barafu, kijana wa Nepali akaleta chumvi na sukari kwenye maji, wala hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Kumbe wote walikuwa wanajua. Mwaka mzima tumetembea bila kandambili, na vila nzima inajua!

Alipopata nguvu akanishika mkono. "Mwadime, mimi sipandi tena kule. Nikamatwe nikiwa nimevaa viatu. Twende kwa Wanza, niandike jina langu, na itakayokuwa na iwe."

Safari ya teksi kutoka Al Wukair hadi Al Sadd ni fupi. Mimi nilizeeka njiani. Kila gari jeupe nililiona la polisi, na hapa Doha gari lipi si jeupe? Yeye aliegemea dirisha akitazama maduka kama mtoto. Alikuwa hajaona barabara tangu aje kwangu.

Wanza alifungua mlango, akamwona Anaeli alivyokonda, akanitazama mimi.  Alimkalisha, akampa uji, ndipo tukamwambia yote. Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Hebu niwaulize. Mliangalia?"

"Kuangalia nini?"

"Hali ya kadi. Kwa simu."

Nikamweleza kuhusu ofisi na yule mtu anayengoja. Wanza akanisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Braza Mwadime, serikali iko na kazi nyingi. Lete namba."

Anaeli alikuwa anaijua kwa kichwa. Wanza akaandika. Mimi niligeukia ukuta. Nilikuwa nimeshika paji la uso kama mtu anayepokea habari za msiba.  

"Imeisha muda," Wanza akasema.

"Tunajua."

"Hapana, sikizeni. Iliisha *kabla* hujatoka kwa hao watu. Bibi akiwa mgonjwa. Hawakuirudisha upya. Na hapa hakuna mtoro. Hakuna kesi. Hakuna aliyekuandika popote. Umeisha tu muda, kama maziwa."

Ndugu zangu, tulitazamana. Mwaka mzima tumekimbizwa, na nyuma yetu hapakuwa na mtu!

Lakini hofu haifi kwa siku moja. Nikasema, basi kafili anangoja tumfuate ndipo aandike. Anaeli akasema, "Mpigie Haji." Nikampigia. Haji aliposikia sauti ya Anaeli alipiga kelele mpaka tukasogeza simu mbali.

"Dada yangu! Uko hai! Jamani, sisi tulidhani umeshakwenda serikalini!"

"Serikalini kufanya nini?"

"Kumshitaki bwana! Yule bwana wee, kadi yako kuilipia ilikuwa ni wajibu wake, mama akawa mgonjwa, akasahau. Ulipoondoka akasema, yule amekwenda kunishitaki. Tangu siku hiyo namba asiyoijua hapokei. Gari ya serikali ikisimama mtaani anatoka mlango wa nyuma. Namwendesha mimi, namwona!"

Wanza aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo nyinyi mnamtoroka yeye, na yeye anawatoroka nyinyi."

"Na ile habari ya shamba?" Anaeli akauliza.

Haji akajibu, "Shamba lilikuwa kweli, dada. Hilo sikukudanganya." Nami namheshimu kwa hilo.

Tulikutana na kafili kwenye mkahawa, mchana kweupe, Haji katikati kama mshenga. Mtu mzima mwenye kanzu safi, lakini mikono yake ilikuwa inachezea kikombe. Nami yangu ilikuwa chini ya meza, maana ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Anaeli peke yake ndiye alikaa kama mtu. Alimpa pole ya mama yake kwanza. Yule bwana akainamisha kichwa. Akasema mama aliuliza habari za Anaeli hadi siku ya mwisho, hata Anaeli akiwa pembeni yake. Halafu akauliza anataka nini. Anaeli akasema, "Kadi. Na ruhusa ya kufanya kazi kwingine. Sitaki kesi."

Kesho yake akatupeleka mwenyewe ofisi ya uhamiaji. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Tulipoingia mlango ule wenye polisi wawili niliomba kwenda msalani mara kadhaa, mpaka askari akaniuliza kama mimi ndiye mgonjwa. Wakamwita Anaeli kwenye dirisha. Wakamwangalia usoni, wakaangalia mashine. Wakamchukua alama za vidole. Kila kidole kilipokandamizwa pale mimi nilisema moyoni, Yesu, Yesu, Yesu. Faini ilikuwepo, na kafili akaibeba kwa sababu kosa la kadi lilikuwa lake. Wakampa muda wa kutafuta mwajiri. Muda ule ulikuwa mfupi, na tulifunga tukaomba, na milango minne ilimkataa. Wa tano ulikuwa wa kampuni inayopeleka watunzaji kwa wazee majumbani. Wakamuuliza amewahi kumtunza mgonjwa wa kitandani? Akaeleza habari za Mama Kubwa. Mama aliyekuwa anamhoji akaacha kuandika akasikiliza.

Kadi ikatoka. Siku ile ile alikwenda kung'oa jino.

Na ritani? Ilichelewa, ndugu zangu, Julai ilikuwa imeshaanza. Wakatutoza faini kule nyumbani, nikailipa, na ndiyo mara ya kwanza nimelipa kodi nikiimba. Wanza alijaza, lakini pa jina alimwachia Anaeli simu aandike mwenyewe. Aliandika polepole, herufi moja moja, akarudia kusoma. Kisha akaniuliza kama "mke" huandikwa kwa herufi kubwa. Nikamwambia aandike yote kwa herufi kubwa.

Ndugu zangu, sitaki kumdanganya mtu. Wako kati yenu ambao wana kesi za kweli, waliowatoroka watu wabaya kuliko yule bwana wetu, na mlango wa ofisi kwao si kama ulivyokuwa kwetu. Simwambii yeyote akurupuke kesho asubuhi. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tunaomba Mungu atufiche, na yeye alikuwa anangoja tumwombe atutoe. Tulimjua Mungu wa kujificha chini ya mbawa. Hatukujua kwamba mbawa zile huruka. Kwa hiyo wewe uliyekuja leo peke yako, na mkeo au mumeo yuko chumbani anasikiliza viatu, usiagize salamu tu. Baada ya ibada njoo tuongee. Wanza yuko, mimi niko, uji uko. Tutaomba pamoja, halafu tutauliza pamoja, maana kuomba bila kuuliza kulitupeleka kwenye kibanda cha matangi. Mkabidhi Bwana hiyo siri yako. Kwake haijawahi kuwa siri.

Namshukuru Mungu kwa jirani wa barafu na jirani wa chumvi. Namshukuru kwa Haji, ambaye haabudu nasi lakini alisimama nasi. Namshukuru kwa mkaguzi yule mnene, popote alipo, apate kivuli.

Na sasa nilikuwa nimepanga kumwomba Anaeli asimame mumwone, ameketi hapo safu ya pili, amevaa viatu vya bluu vya kutoa mlio kwenye sakafu, kavichagua mwenyewe dukani kwa kuvijaribu mlio. Lakini anatikisa kichwa. Anasema hasimami. Anasema amekaa, na amekaa vizuri, na hakuna wa kumwinua.

Basi mwacheni akae. Amina.